Mwaka wa Unga Uliochoka

Tulimzika Leonia kwao Gairo, pembeni ya shamba la karanga lililokwisha kuvunwa, siku ambayo upepo ulikuwa ukivuta kanga za wanawake na kumlazimisha katekista asome kwa kupaza sauti. Alisema marehemu alikuwa mwanamke wa msimamo. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nami nilikubali, maana ni kweli, ila nilisimama pale nikihisi kwamba neno lile limekuwa jepesi mno. Msimamo wa Leonia niliuona mwaka wa kwanza nilipofanya naye kazi, na niliona pia ulivyomgharimu. Sasa nina mvi zangu za kwanza, nimefanya kazi hiyo hiyo katika karakana nyingine mbili, na bado nikikutana na jambo gumu akili yangu hurudi kwenye mwaka ule kabla haijaenda kwingine kokote.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka chuo cha ufundi, na nilipata kazi Kihonda, mjini Morogoro, kwenye karakana iliyokuwa zamani ghala la mahindi. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi nyeupe lakini siku za joto harufu ya magunia ilirudi. Humo tulitengeneza vyuma vya miguu ya bandia kwa ajili ya wagonjwa waliokatwa miguu. Mashine yetu ilikuwa imekwisha tumika Ulaya kabla ya kuja kwetu. Kazi yake ni rahisi kuieleza: inatandaza unga wa chuma, tabaka jembamba kuliko karatasi, kisha mwali wa leza unapita na kuyeyusha pale tu panapotakiwa. Linatandazwa tabaka jingine, na jingine, hadi kifaa kinakuwa kimesimama, kimefukiwa ndani ya unga kama kiazi ardhini. Ukikifukua, unga mwingi uliokizunguka unakuwa haujayeyuka. Huo haumwagwi. Unga wetu ulikuwa wa titani, chuma chepesi kisichopata kutu, na ulikuja kwa meli baada ya kusubiriwa miezi. Kwa hiyo tuliuchekecha, tukaondoa punje zilizoungana kwa moto, tukaukausha kwenye oveni, tukauchanganya na unga mpya, ukarudi kazini. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Leonia, na mimi niliajiriwa kuwa msaidizi wake.

Chumba cha chekeche kilikuwa nyuma kabisa, kidogo, kina mlango mzito na ndoo za mchanga mkavu mlangoni. Maji yalikuwa marufuku kukaribia, kwa sababu unga wa titani ukishika moto, maji huuchochea badala ya kuuzima. Siku ya kwanza Leonia alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaniuliza mtandio wangu ni wa kitambaa gani. Nilikuwa nimevaa ule wa kung'aa, wa kuteleza. Akafungua kabati lake, akanipa wa pamba, mweupe, ambao alikuwa ameununua baada ya kusikia jina langu ni Mwajuma na kukisia kwamba nitakuja nimejifunika. Akaniambia nguo za kung'aa zinazaa cheche, na cheche moja ndani ya chumba kile inatosha. Alikuwa Mkaguru, Mkatoliki, amenizidi miaka kumi na kitu, amesoma chuo kikuu na kwenda nje kwa mafunzo, lakini sikumsikia hata mara moja akiitaja safari ile. Mchana tuliosha mikono hadi viwikoni, tukakaa kwenye kibaraza kinachotazama mlima, tukala. Yeye alileta ugali na mlenda uliotiwa karanga za kusaga, mimi nilileta wali wa jana au maandazi. Alikula polepole na hakupenda maneno wakati wa kula. Ikiwa mawingu hayajaufunika, Uluguru ulisimama mbele yetu mzima, na tuliweza kuona njia za watu zilizokwangua miteremko.

Ni kwenye kibaraza kile aliponifundisha kuhusu kuchoka kwa unga. Nilidhani chuma ni chuma. Akaniambia kila mara unga unapopita kwenye joto na kushikwashikwa, unanyonya hewa kidogo, na titani ikinyonya hewa haitoi tena. Mara chache hakuna madhara, hasa ukiuchanganya na unga mpya. Ukiurudia kupita kiasi, chuma kinachotoka humo hakiwi laini kama mtu anavyoweza kufikiri. Kinakuwa kigumu zaidi, na hatari yake iko hapo. Chuma kizima kikizidiwa kinapinda kwanza, mtu anaona, anarudi kwa fundi. Chuma kilichotokana na unga uliochoka hakipindi. Kinavumilia, kinavumilia, kisha kinakatika mara moja. Kwa hiyo kila tulipochapa vifaa tulichapa pembeni yake vijiti vya majaribio, tukavitia kwenye mashine ya kuvuta. Kijiti kizuri hurefuka, hunywea katikati kama kiuno cha nyigu, ndipo hukatika. Leonia alikuwa akikishika kila kijiti kilichokatika na kukitazama kwenye mwanga wa dirisha, kama mtu anayekagua mbegu.

Mzee Mkude alikuja kabla ya masika. Alitoka kitongoji cha juu, mbele ya Mkuyuni, upande wa Matombo, alikokuwa na migomba, minanasi na pilipili manga. Mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti miaka mingi nyuma, baada ya pikipiki kumwangukia. Alikuwa amepewa mguu wa bandia wenye goti la plastiki, na goti lile lilikuwa limepasuka akiwa shambani. Daktari alituletea vipimo vyake, na sisi tulitakiwa kumtengenezea goti la titani ambalo lingeweza miteremko. Wakati akisubiri alifikia kwa mpwa wake, Mwembesongo, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya mjini, asubuhi nyingi alikuja karakana na magongo yake, akakaa kwenye benchi karibu na geti. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza habari kwa Kiluguru, nami, niliyezaliwa mlimani lakini nikakulia mjini, nikamjibu kwa kusuasua, akacheka kimya kimya. Alizungumza kuhusu migomba. Alisema mkungu ukikomaa wakati wa mvua mgomba haubebi, lazima uwekewe nguzo, na mkewe Bi Tatu hawezi kuchimbia nguzo zote peke yake kwenye mteremko ule.

Shida ilikuwa kwamba unga mpya haukufika. Mzigo ulikuwa baharini, kisha ukawa bandarini, kisha tukaambiwa kuna karatasi zinashughulikiwa. Tulikuwa tumebaki na unga uliokwisha kuzunguka mara nyingi kuliko Leonia alivyopenda, na hatukuwa na mpya hata kidogo wa kuuchanganya nao. Tuliuchekecha tena na kuukausha tena. Ulipendeza machoni, wa kijivu safi, ukitiririka kwenye mkono kama maji. Tukachapa vijiti peke yake, bila kifaa, tukavivuta. Cha kwanza kilikatika kwa mlio mmoja mkavu, bila kurefuka, bila kunywea. Vilivyofuata vikawa hivyo hivyo. Leonia aliweka vipande kwenye meza, akavua glavu zake, akasema hatuchapi.

Mkuu wetu alikuwa Injinia Mushi, mtu mpole, mwenye kikohozi kisichoisha na tabia ya kubeba chai yake kila anakokwenda. Ofisi yake ilitengwa na chumba chetu kwa ukuta wa mbao nyembamba, na siku ile nilisikia yote bila kutega sikio. Alimwambia Leonia kwamba vijiti vimekatika kwa uzito mkubwa kuliko atakaoweka mzee yule maisha yake yote. Leonia akasema uzito si tatizo, tatizo ni kurudiarudia, hatua baada ya hatua, kwenye mawe. Injinia akasema mzee anateseka sasa hivi, hapo getini, na kwamba chuma chenye kasoro ni bora kuliko magongo. Kisha Leonia akasema, taratibu kabisa, "Goti la plastiki lilipasuka akaanguka shambani. La kwetu likikatika atakuwa ameliamini zaidi, atakuwa amepanda juu zaidi. Mimi siweki mkono wangu hapo." Injinia alikohoa. Angeweza kuniagiza mimi niwashe mashine, au kuiwasha mwenyewe. Hakufanya hivyo. Alitoka nje na kikombe chake, akaenda kukaa kwenye benchi na Mzee Mkude, akamwambia mzigo bado uko bandarini, avute subira kidogo.

Hayo ndiyo aliyoambiwa: avute subira kidogo. Hakuambiwa kwamba ndani kuna unga, wala kwamba kuna mtu ameukataa, wala kwa nini. Leonia alidhani Injinia atamweleza. Injinia, nafikiri, aliona aibu kumwambia mgonjwa kwamba chuma kipo lakini hatumpi. Na mimi nilikuwa mgeni wa kazi, nilipokea chai yangu na kunyamaza, kama ilivyonipasa. Masika ikaingia. Mvua ilipiga bati la ghala lile mpaka tukazungumza kwa ishara. Mzee aliendelea kuja kwa wiki kadhaa, akikaa ndani ya geti chini ya upenu, akitazama mlima uliofunikwa. Asubuhi moja benchi lilikuwa tupu. Mpwa wake alipita kutuambia kwamba mjomba amerudi nyumbani, amesema subira ya mjini imemshinda na migomba haimsubiri, na kwamba goti likiwa tayari apigiwe simu.

Habari ya kifo chake ililetwa na mpwa yule yule. Alisimama mlangoni na mwavuli unaochuruzika, akasema mjomba ameteleza kwenye mawe ya kijito chini ya nyumba, akiwa na magongo na nguzo ya mgomba begani, akajigonga kichwa. Walikuwa wamekwisha kumzika. Leonia alikuwa ameshika chekeche. Aliliweka chini kwa uangalifu, akafunika pipa la unga kama kawaida, akafunga kufuli, ndipo akatoka na kukaa kwenye benchi lile la getini. Nilikaa karibu naye. Injinia Mushi alisimama mlangoni pa ofisi yake, hakutusogelea. Baada ya muda Leonia aliniuliza njia ya kwenda huko ikoje, na kama watu wa huko watakubali mgeni Mkristo aingie msibani. Nikamwambia msiba hauna mgeni.

Tulikwenda mvua zilipopungua, kabla ya arobaini. Gari lilituacha barabarani baada ya Mkuyuni, tukapanda kwa miguu. Leonia alijifunga kanga kichwani na nyingine kiunoni, akapanda bila kupumzika, mimi niliyezaliwa kwenye miteremko ile nikimfuata nikihema. Tulivuka kijito. Mawe yalikuwa meusi, yana utelezi, na upande wa pili njia ilipanda wima kama ngazi. Leonia alisimama katikati ya mawe akatazama juu na chini kwa muda mrefu. Nyumba ilikuwa ya udongo na bati, imefagiliwa, na nyuma yake migomba mingine ilikuwa imeanguka na mikungu yake. Bi Tatu alikuwa ndani, kwenye mkeka, na wanawake wawili watatu wa jirani. Alikuwa mdogo wa umbo, sauti yake ya chini. Tulimwamkia, tukampa pole, tukapewa magimbi ya kuchemsha na chai ya mchaichai. Chumba kilikuwa na giza na joto la kuni, na kwenye kona ulikuwa umeegemezwa ule mguu wa zamani, umevishwa kiatu.

Leonia hakugusa chai. Alijieleza kwamba ndiye anayeshughulikia unga wa chuma katika karakana aliyokuwa akienda mzee. Akamweleza Bi Tatu kila kitu, kwa maneno mepesi, kwamba chuma kilikuwepo lakini kilikuwa kimechoka, kwamba yeye ndiye aliyekataa kitumike, na kwamba mzee hakuambiwa. Wanawake wa jirani walitazama chini. Bi Tatu alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini. Kisha akauliza, "Hicho kilichochoka, mngempa, kingekatika?"

"Sijui, mama," Leonia akasema. "Ninajua hakikufaa. Kingekatika lini, sijui."

Bi Tatu alifikiri. Akasema, bila ukali wowote, "Basi umemnyima kitu usichokijua."

Kuni zililia jikoni. Baadaye Bi Tatu mwenyewe alimsogezea Leonia kikombe, akamwambia chai inapoa, naye akainywa yote. Tulipoondoka tulipewa mkungu wa ndizi mbichi, kama wageni wote, na Leonia aliubeba yeye mpaka barabarani, hakukubali nimpokee. Nimehudhuria mazishi mengi tangu wakati ule, na nimesikia watu wakiulizana maswali makali zaidi kwa sauti kubwa zaidi. Sijasikia swali lililomwingia mtu kama lile.

Siku iliyofuata Leonia alimwomba Injinia ruhusa ya kuchapa goti la Mzee Mkude kwa vipimo vyake vile vile, kwa unga ule ule aliokuwa ameukataa. Injinia hakuuliza sababu. Alivua koti, akashinda siku mbili karakana akiunganisha vyuma na bomba la hewa, akatengeneza mtambo wa kulibana goti na kuliachia, kulibana na kuliachia, kama mtu mzima anayetembea. Tulilifunga humo. Likaanza. Mlio wake ulikuwa kama wa mtu anayegonga mlango bila haraka, na uliendelea wiki baada ya wiki, tukichekecha, tukila, tukifunga geti jioni na kulifungua asubuhi. Mwanzoni uliniudhi, kisha nikauzoea, kisha nikaanza kuuhesabia kama hatua za mtu ninayemfahamu. Hivi sasa amefika kijito. Hivi sasa amerudi na nguzo. Leonia alipita mbele ya mtambo ule mara nyingi kwa siku na hakusema alikuwa akitumaini nini. Nadhani alijua kwamba likikatika upesi atakuwa amethibitika kuwa sahihi, na lisipokatika kabisa atakuwa amekosea, na kwamba lolote kati ya hayo lisingemfufua mtu.

Lilikatika mchana mmoja, tukiwa kibarazani. Mlio ulikoma tu. Tuliingia tukakuta vipande viwili, vimekatika safi, bila kupinda hata kidogo. Injinia alipiga hesabu zake za hatua za mkulima wa mlimani kwa siku, akazirudia, akasema ni kama mwaka mmoja. Huenda pungufu kidogo. Alimwekea Leonia mkono begani, akamwambia alikuwa sahihi. Leonia akashukuru. Kisha akafunga vipande vile kwenye kitambaa, akaniambia Jumamosi tunapanda tena.

Bi Tatu alitupokea nje safari hii, akichambua pilipili manga kwenye ungo. Leonia alikaa chini karibu naye, akafungua kitambaa, akamwonyesha. Bi Tatu alishika kila kipande, akapitisha kidole pale palipokatika. Aliuliza ni muda gani. Leonia akamwambia mwaka, au karibu na mwaka, halafu kingemwangusha bila kumwonya.

"Mwaka," Bi Tatu akasema. Akavirudisha vipande kwenye kitambaa. "Mwaka si haba, mwanangu."

Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayetaja ukubwa wa shamba. Kisha akaendelea kuchambua, na baada ya muda Leonia akaanza kuchambua naye, akitenga mabua na majani, na mimi nikajiunga nao. Tulikaa hivyo mpaka jua likahama pale tulipokaa.

Tulipokuwa tunashuka, Leonia aliniambia kitu ambacho nimekibeba tangu siku ile. Alisema akipewa unga ule tena leo, na mgonjwa yule yule, atakataa tena. Nikamuuliza hata baada ya aliyoyasikia. Akasema ndiyo, hata baada ya hayo, kwa sababu fundi hawezi kumtengenezea mtu kitu kitakachomwangusha, hata kama katikati yake kuna mwaka mzuri. "Lakini kukataa si kazi iliyokwisha," akasema. "Mimi nilikataa, nikarudi kwenye chekeche langu. Nikamwachia yeye kusubiri peke yake." Tulikuwa tumefika kwenye mawe ya kijito. Alinishika mkono tukavuka.

Mzigo haukuwa umefika bado alipokuja mgonjwa aliyefuata, mama mmoja wa makamo, muuza nyanya sokoni Mkuyuni, aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Nilikuwa chumba cha chekeche nilipomwona Leonia anavua barakoa, ananawa, anatoka mwenyewe mpaka getini kabla Injinia hajanyanyuka kitini. Alikaa naye kwenye benchi. Alimwonyesha vipande vya goti lililokatika, akamweleza unga uliochoka ni nini, akamwambia mpya utachelewa na hajui mpaka lini. Yule mama alilia kidogo, akauliza atakaa wapi mjini muda wote huo, na hana ndugu. Leonia alikuwa amepanga vyumba viwili Kihonda, kimoja cha kulala na kimoja cha vitabu na mahindi aliyoletewa kutoka kwao. Jioni ile nilikwenda kumsaidia kuhamisha magunia na kutandika kitanda. Yule mama alikaa humo mpaka kontena likafika, na hata baada ya hapo, hadi alipojifunza kutembea na goti jipya kwenye ngazi za nyuma ya nyumba. Leonia alishuka mbele yake ngazi moja baada ya nyingine, akitembea kinyumenyume, mikono yake miwili mbele.